Kumbe dhoruba za angani zilipimwa kutoka Ngomeni!

Jumamosi moja mwezi uliopita nilipanda matatu namba 46 katikati ya jiji, nikaenda Kawangware kumjulia hali dada yangu. Nilikuwa nimebeba mkate na pakiti mbili za maziwa, wala sikuwa na habari kwamba ningelikuta baraza limekaa, likinisubiri mimi niwe hakimu.

Kisa chenyewe kilikuwa karatasi moja. Mpwa wangu, ambaye yuko shule ya upili, alikuwa amepewa fomu ya kuchagua masomo. Fomu hiyo ilitakiwa irudishwe baada ya wiki mbili ikiwa na saini ya mzazi. Binti alikuwa ameandika Fizikia. Baba yake, ambaye ana kibanda cha kuchomelea vyuma kando ya barabara ya Naivasha, alikuwa amekataa katakata kutia saini.

"Shemeji," aliniambia hata kabla sijaketi, "wewe ni mtu wa gazeti, umesoma. Zungumza na mtoto wako. Mimi sipingi masomo. Lakini anasema anataka kusomea nguvu za sumaku za sayari. Za sayari, shemeji! Hayo ni mambo ya Wamarekani. Sisi hapa tunatafuta unga."

Dada alinyamaza, akaendelea kumimina chai. Binti naye aliinamisha kichwa, kisha akanigeukia na kuniuliza kwa sauti ya chini: "Mjomba, kweli hakuna hata jambo moja la namna hii lililowahi kufanyika kwetu?"

Ndugu msomaji, nilifungua mdomo nikaufunga. Mimi mwenyewe niliitupa Fizikia mara tu niliporuhusiwa kufanya hivyo, na chuo cha uandishi wa habari hakikunirudisha huko. Nilimwomba shemeji anipe wiki moja. Haya hapa chini ndiyo niliyompelekea Jumamosi iliyofuata.

Jibu liko Pwani

Wengi wetu tumewahi kusikia habari za setilaiti iliyoitwa Uhuru. Ilirushwa Desemba 12, 1970, siku Kenya ilipokuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini katika ghuba ya Ungwana, mbele ya kijiji cha Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Kazi yake ilikuwa kutafuta miale ya eksirei itokayo kwenye nyota za mbali, nayo ilipata sifa duniani kote.

Lakini Uhuru ilikuwa na mdogo wake, ambaye ni wachache sana wanaomkumbuka. Novemba 15, 1971, miezi kumi na moja baadaye, roketi aina ya Scout iliondoka kwenye jukwaa hilo hilo ikiwa imebeba setilaiti ya kilo 50 hivi, uzito wa gunia moja la saruji. Iliitwa Explorer 45. Haikutumwa kutazama nyota. Ilitumwa kupima plazma na uga wa sumaku unaoizunguka dunia, na kazi yake kuu ilikuwa kuchunguza jinsi dhoruba za sumaku zinavyoanza na zinavyotulia.

Kwa maneno mengine, lile jambo ambalo mpwa wangu aliambiwa ni la Wamarekani lilianza safari yake ya kwenda angani katika maji yetu. Ni kweli kwamba setilaiti yenyewe ilikuwa ya Marekani, na waliosimamia urushaji walikuwa Waitaliano wakiongozwa na Profesa Luigi Broglio. Lakini walisafiri mpaka Ngomeni kwa sababu maalumu, na sababu hiyo ni ya kisayansi. Nitaieleza, ila kwanza sharti tuelewe plazma ni kitu gani.

Cheche ya shemeji

Shuleni tulifundishwa kwamba vitu viko katika hali tatu: yabisi, kimiminika na gesi. Barafu, maji na mvuke. Iko hali ya nne. Ukiipasha gesi joto kali mno, au ukipitisha umeme wa nguvu ndani yake, atomu zake hubanduliwa vile vipande vidogo viitwavyo elektroni. Kinachobaki ni mchanganyiko wa elektroni zilizo huru na atomu zilizopungukiwa, ambazo wataalamu huziita ioni. Mchanganyiko huo ndio plazma.

Gesi ya kawaida haijali sumaku. Plazma hujali sana, kwa sababu kila chembe yake imebeba umeme. Ukiiletea sumaku, plazma hupinda njia, huzunguka, hukusanyika mahali au hukimbia.

Nilipofika hapo nilimwonyesha shemeji mashine yake ya kuchomelea. Ule mwanga mkali wa buluu unaoruka kati ya kijiti na chuma, ule unaomlazimu kuvaa miwani myeusi, ni plazma. Amekuwa akiishika mkononi kwa zaidi ya miaka ishirini. Ndani ya taa ya mrija iwakayo dukani kwa jirani yake mna plazma. Radi ipigayo Ngong wakati wa masika hutengeneza plazma. Na jua lenyewe, lile tunalolikimbia saa sita za mchana, ni bonge kubwa la plazma.

Shemeji aliitazama ile mashine kana kwamba ndiyo kwanza ameinunua. "Kwa hivyo mimi ni mtu wa Fizikia?" akauliza. Dada akacheka mpaka chai ikamwagika.

Jua haliishii pale tunapoliona. Mchana na usiku hupuliza plazma kila upande, na upepo huo wa jua huja kwa kasi ya kilomita 400 hivi kwa sekunde. Kutoka Nairobi hadi Mombasa ungetumia sekunde moja na ushei. Hata hivyo, kwa umbali wa jua ulivyo, upepo huo huchukua kama siku nne kufika kwetu. Na ufikapo, haukuti uwanja mtupu. Hukuta uga wa sumaku wa dunia umetangulia kusimama mlangoni.

Jaribio la nyumbani

Wazazi, jaribio hili halina gharama. Chukueni sumaku kutoka spika ya redio iliyokufa. Okoteni vumbi la chuma chini ya mashine ya kusagia chuma katika kibanda chochote cha jua kali, mwombe fundi kwanza, nanyi msiende wakati anachomelea. Itieni sumaku ndani ya mfuko wa plastiki ili vumbi lisigande juu yake. Wekeni karatasi nyeupe juu, nyunyizeni vumbi kidogo kidogo, kisha igongeni karatasi polepole kwa kidole. Simu na kadi za benki ziwe mbali.

Mtaona vumbi likijipanga lenyewe katika mistari, kama nywele zilizochanwa. Mistari hiyo ndiyo ramani ya uga wa sumaku. Dunia nayo ina mistari ya namna hiyo, mikubwa mno, itokayo upande wa kusini, ikapanda juu ya vichwa vyetu sisi wa ikweta, ikashuka upande wa kaskazini. Ndiyo inayougeuza mshale wa dira. Chanzo chake ni chuma kilichoyeyuka kinachozunguka ndani kabisa ya dunia.

Upande unaolielekea jua, uga huo huweza kuuzuia upepo wa jua umbali wa kilomita 60,000 hivi kutoka kwetu. Lakini si chembe zote zinazofukuzwa. Baadhi hupenya kwa mlango wa nyuma, upande wa usiku, zikanaswa katika ile mistari. Zikishanaswa hazina pa kwenda. Huenda mbio kaskazini, zikarudishwa, zikaenda kusini, zikarudishwa tena. Wahenga wa Pwani walinena kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na chembe hizi ndivyo zilivyo.

Huku zikienda na kurudi, huwa pia zinaizunguka dunia. Protoni na ioni nyingine huelekea magharibi, elektroni huelekea mashariki. Kwa kuwa umeme wa protoni na ule wa elektroni ni kinyume, misafara yote miwili hujumlika kuwa mkondo mmoja wa umeme unaoizunguka dunia mithili ya pete. Pete hiyo imelala juu ya ikweta.

Shemeji alidakia: "Mkondo ukizunguka, lazima utoe sumaku. Transfoma ndivyo inavyofanya kazi."

Ndivyo hasa. Pete ya umeme iliyo angani hutoa sumaku yake, na sumaku hiyo huvuta kinyume cha ile ya dunia. Pete ikijaa chembe, uga tunaoupima hapa chini hupungua kwa saa kadhaa, kisha hupona polepole kwa siku kadhaa. Hiyo ndiyo dhoruba ya sumaku. Hadi leo wataalamu huikadiria kwa vipimo vya vituo vinne duniani visivyo mbali sana na ikweta, na kimojawapo kiko Afrika, katika mji wa Hermanus nchini Afrika Kusini.

Kwa nini Ngomeni?

Ikiwa pete imelala juu ya ikweta, basi anayetaka kuipitia katikati hana budi kuruka juu ya ikweta. Ngomeni iko karibu nyuzi tatu tu kusini mwa mstari huo. Kituo mashuhuri cha Marekani kilichoko Florida kiko nyuzi 28 kaskazini, na roketi irushwayo kutoka huko ingelazimika kupinda njia angani na kuchoma mafuta mengi ili ifike juu ya ikweta. Scout ilikuwa roketi ndogo. Haikuwa na mafuta ya kupoteza.

Isitoshe, dunia inapojizungusha, ni watu wa ikweta wanaokwenda mbio kuliko wote, kasi ya kilomita 1,670 hivi kwa saa, ingawa hatujisikii. Roketi inayorushwa kuelekea mashariki kutoka Ngomeni hupewa kasi hiyo bure kama mtu aliyesukumwa mgongoni anapoanza kukimbia.

Basi Explorer 45 ilipaa, ikawekwa katika njia ya umbo la yai. Upande mmoja ilishuka hadi kilomita 220 na kitu kutoka ardhini, na upande wa pili ikapanda hadi kilomita 27,000 hivi. Kila mzunguko ulichukua karibu saa nane, maana yake kila siku iliikata pete mara kadhaa, ikipanda na ikishuka. Ilikuwa na vyombo vya kuhesabu protoni na elektroni, vya kupima uga wa sumaku, na vya kupima uga wa umeme. Wataalamu nao walikaa chini wakipokea ishara zake. Aliye juu mngoje chini.

Hawakungoja sana. Desemba 17, 1971, mwezi mmoja tu baada ya setilaiti kurushwa, dhoruba ya sumaku ilizuka nayo ikiwa kazini. Kutokana na vipimo vyake, wataalamu waliweza kuona jinsi chembe mpya zinavyoingia ndani ya pete dhoruba inapoanza. Waligundua kwamba si zote zinazopenya kwa kiasi kimoja. Zenye nguvu ya kadiri fulani hutangulia na kuingia ndani zaidi kuliko zile dhaifu na zile zenye nguvu nyingi. Walipochora jambo hilo kwenye grafu, umbo likajitokeza kama pua. Wakaliita pua, na jina hilo linatumika katika maandishi ya kitaalamu hadi leo.

Kisha ukafika mwezi wa Agosti 1972. Jua lilitapika plazma kwa nguvu isiyo ya kawaida. Ule ukuta wa sumaku, ambao kwa kawaida husimama umbali wa mara kumi ya nusu kipenyo cha dunia, ulisukumwa ndani hadi karibu nusu ya umbali huo, ukaipita Explorer 45 yenyewe. Setilaiti iliyokuwa imejificha ndani ya ngao ikajikuta nje, ikipulizwa na upepo wa jua. Katika siku hizo hizo, mabomu ya baharini yaliyotegwa na jeshi la Marekani kusini mwa bandari ya Haiphong, Vietnam, yalilipuka yenyewe. Yalikuwa yameundwa kuhisi sumaku ya meli, nayo dhoruba ikayadanganya.

Jambo jingine lililowatia watu baridi ni kwamba dhoruba hiyo ilitokea kati ya safari mbili za wanadamu kwenda mwezini, ile ya Apollo 16 mwezi wa Aprili na ya Apollo 17 mwezi wa Desemba. Ingaliwakuta njiani, wangalikuwa hatarini. Explorer 45 iliendelea na kazi hadi Septemba 1974.

Majirani zetu

Yaliyopimwa juu ya ikweta yetu ndiyo yaliyowasaidia wataalamu kuelewa yaliyoonekana kwingineko. Desemba 1973, setilaiti yetu ya Ngomeni ingali hai, chombo Pioneer 10 kiliipita Mshtarii, sayari kubwa kuliko zote, na kukuta huko chembe zilizonaswa zenye nguvu za kutisha. Machi 1974 Mariner 10 kiliipita Utaridi, sayari ndogo iliyo jirani na jua, na kukuta uga wa sumaku ambao wengi hawakuutarajia.

Baadaye zilifuata habari nyingine za ajabu. Mwaka 1986 Voyager 2 ilifika Uranusi na kukuta sumaku yake imelala upande, karibu nyuzi 60 kutoka mhimili wa sayari yenyewe. Mwaka 1996 chombo Galileo kiligundua kwamba Ganymede, mmoja wa miezi ya Mshtarii, una uga wake wa sumaku. Chombo Juno kilifika Mshtarii mwaka 2016, kikiwa kimefungiwa mitambo yake ndani ya sanduku la titani ili isiharibiwe na chembe hizo. Kama macho yetu yangeweza kuuona uga wa Mshtarii, ungeonekana usiku ukiwa mkubwa kuliko mwezi mpevu. Na pete ya umeme kama ile ya kwetu imeonekana huko Mshtarii na Zohali pia.

Lakini sayari iliyomgusa zaidi shemeji ni Mirihi. Zamani sana Mirihi ilikuwa na uga wa sumaku kama wetu, na maji yalitiririka juu yake. Uga ukafa. Chombo MAVEN kilifika huko mwaka 2014 kuchunguza angahewa yake ilikwenda wapi. Mwaka 2015 wataalamu walitangaza kwamba upepo wa jua ulikuwa ukiinyang'anya Mirihi hewa, kiasi cha gramu 100 kila sekunde, na zaidi jua linapochafuka. Gramu 100 haifiki hata nusu ya pakiti ya robo kilo ya majani chai. Lakini ukipokonywa kiasi hicho kila sekunde kwa mabilioni ya miaka, hasara huwa kubwa mno.

Hapo mpwa wangu aliinua mkono kama yuko darasani. "Mjomba, nimesoma kwamba Zuhura haina sumaku yake yenyewe, na bado ina angahewa nzito kuliko yetu. Sasa ngao iko wapi?"

Sikuwa na jibu la kumaliza mjadala, na wenye shahada kubwa kuliko zetu bado wanabishana. Uzito wa sayari, gesi zake na volkeno zake zote zina neno. Nililoweza kumwambia ni kwamba swali lake si la mtoto anayepaswa kuiacha Fizikia.

Yatuhusu nini?

"Haya," shemeji akasema, "nimekubali Ngomeni. Nimekubali na plazma. Lakini mtu wa Kawangware inamhusu nini?"

Nilimweleza habari za Quebec nchini Kanada. Machi 13, 1989, dhoruba ya sumaku iliangusha mtambo wa umeme wa jimbo hilo, na watu wapatao milioni sita wakakaa gizani kwa muda wa saa tisa. Februari 2022 kampuni ya Starlink ilipoteza setilaiti zipatazo 40 kwa mpigo, muda mfupi baada ya kuzirusha. Dhoruba iliipasha moto angahewa ya juu, ikavimba, ikazivuta chini. Mei 2024 ilikuja dhoruba kali iliyokuwa haijaonekana tangu 2003. Huko Marekani wakulima waliokuwa wakipanda mahindi kwa matrekta yanayoongozwa na setilaiti walilazimika kusimama, kwa maana mashine hazikujua tena mstari uko wapi.

Sisi tuko mbali na ncha za dunia, na hatari ya kuzimiwa taa kwa namna ya Quebec ni ndogo kwetu. Lakini ikweta ina taabu zake. Baada ya jua kutua, plazma iliyo juu ya eneo letu huchafuka, na ndani yake hupanda viputo vikubwa mithili ya viputo vya uji jikoni. Hutokea zaidi katika miezi iliyo karibu na Machi na Septemba, aghalabu kati ya saa moja jioni na saa sita usiku. Ishara ya setilaiti ikipita humo hutetereka. Rubani anayekaribia uwanja wa ndege, mpima ardhi, nahodha wa meli na mtu wa redio za masafa marefu, wote hao huhitaji mtu anayeielewa hali hiyo. Viputo hivyo viko juu ya vichwa vyetu wenyewe. Nani mwenye haki zaidi ya kuvichunguza?

Tulipoteza nini, tumepata nini

Kwa hakika, jambo lililoniuma katika utafiti wangu ni hili. Kati ya mwaka 1967 na 1988, setilaiti tisa zilirushwa kutoka Ngomeni. Wapo wenyeji wa Pwani waliofanya kazi kituoni humo. Lakini matokeo yalichambuliwa ng'ambo, karatasi zikaandikwa ng'ambo, na watoto wetu wakakua bila kujua. Mimi mwenyewe nimekwenda Malindi mara mbili kuogelea, na sikumbuki mtu aliyeninyoshea kidole kuelekea kaskazini akaniambia: kule ndiko dhoruba za angani zilikofuatwa.

Hata hivyo, mambo yameanza kubadilika. Shirika la Anga za Juu la Kenya liliundwa mwaka 2017. Mei 11, 2018, setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyotayarishwa kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Sapienza cha Rome, iliachiliwa kutoka kituo cha kimataifa kilicho angani. Mtu angeweza kuibeba kwa mkono mmoja. Aprili 15, 2023, Taifa-1 ilirushwa kutoka California ili kupiga picha za ardhi yetu. Hizo mbili hazikutumwa kupima plazma. Lakini kutoka Kawangware hadi madarasa ya Chuo Kikuu cha Nairobi, pale Chiromo, ni nauli ya matatu tu. Mpwa wangu hahitaji pasipoti ili aanze.

Na ile fomu?

Sikumwahidi shemeji kwamba binti yake atapata kazi. Ningekuwa mwongo, na mtu anayechoma vyuma kutwa ili alipe karo hastahili kudanganywa. Nilimwambia tu kwamba Fizikia hiyo hiyo ya sumaku na plazma ndiyo ya mafundi wa mitambo ya umeme, wa simu, wa ndege na wa hospitali, na kwamba mlango ukifungwa sasa, kuufungua baadaye ni kazi ngumu. Mimi naujua mlango huo. Niliufunga mwenyewe.

Hakunijibu. Alituchukua hadi kibandani, akaokota sumaku ya spika kutoka rundo la vyuma chakavu, akafagia vumbi la chuma kwa brashi. Tulifanya lile jaribio juu ya meza yake ya kazi, juu ya karatasi iliyochanwa daftarini. Mistari ilipojitokeza, mpwa wangu alichukua kalamu akaonyesha: hapa kaskazini, hapa kusini, hapa katikati ndipo pete ilipo, na chombo kilipita hivi. Baba yake alisikiliza bila kumkatiza, jambo ambalo dada aliniambia si la kawaida.

Jumatatu jioni nilipigiwa simu. Fomu ilikuwa imerudi shuleni na saini imo. Shemeji alikuwa ameweka sharti moja: kila mwisho wa mwezi binti atamweleza, kwa Kiswahili anachokielewa fundi, jambo moja alilojifunza. Na lile vumbi la chuma hatalimwaga tena. Amelitia ndani ya mkebe wa rangi na kuliweka rafuni, maana rafiki wawili wa binti wameomba waje waonyeshwe.

Wazazi wenzangu, fomu kama hiyo hupita katika nyumba nyingi za jiji hili. Kabla hujasema somo fulani si la watu kama sisi, uliza kwanza lilikopitia. Huenda lilipitia Ngomeni.

Hadi Jumapili ijayo, Mungu akipenda.